Mjomba Mahakamani, Mbuzi Jikoni

Maneno yenyewe niliyasikia kwenye mzani wa zabibu, Hombolo, siku ambayo wanunuzi walichelewa na sisi wanawake hatukuwa na kazi nyingine ila kukalia ndoo zetu na kusema watu.

"Mama Anitha," Emiliana aliniambia, huku akiangalia pembeni kama anayetafuta mbuzi wake, "mimi sisemi. Ila watu wanasema."

Emiliana tunaimba naye kwaya. Hajawahi kusema kitu huyo. Wanaosema ni watu.

"Wanasema nini hao watu?"

"Kwamba Anitha hawatetei wale Wasandawe bure. Damu inamvuta. Ati baba yake siye marehemu Sila. Ati mwangalie rangi, mwangalie macho, halafu ujijibu mwenyewe."

Nilicheka, tena kwa sauti, ili hata wa nyuma wasikie.

"Rangi ile ni ya bibi yake mzaa baba. Kaburi lake liko njia ya bwawani, nenda kamuulize."

"Na mimi ndivyo nilivyowaambia," Emiliana akasema, na najua kabisa hakuwaambia.

Nikadhani nimemaliza. Lakini neno lile lilinifuata shambani, likanifuata jikoni, likakaa na mimi benchi moja kanisani. Asubuhi moja nilisimama mbele ya picha ya Anitha ukutani, ile aliyopiga siku alipovaa joho la uwakili, nikajikuta namwangalia macho.

Mimi niliyemzaa. Mimi ninayemjua baba yake kuliko mtu yeyote chini ya jua. Nilimwangalia macho.

Msomaji ambaye juma lililopita gazeti lake lilifungiwa vitumbua kabla hajalisoma, nitakusogeza kwa ufupi.

Mwanangu Anitha ni wakili mjini Dodoma. Nilipokuwa namsomesha nilimwona katika kiti cha kuzunguka, ofisi ina kiyoyozi, anatetea kampuni. Akachagua shirika la haki za binadamu. Mteja wake wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda aliyewekwa ndani kwa sababu sura yake haikumpendeza mgambo. Wa pili, mama mwenye ualbino aliyeondolewa jikoni shuleni ati wazazi wanaogopa uji wake. Baada ya hapo, wafugaji. Yeyote anayepigwa na mwenye filimbi ni mteja wa mwanangu, na wenye filimbi nchi hii hawaishi.

Nilivumilia yote hayo. Yalikuwa mbali.

Kisha ikaja zamu ya filimbi ya nyumbani kwetu.

Kaka yangu Yoramu ni kamanda wa sungusungu wa kijiji chetu. Ana filimbi, ana buti, ana rungu, ana koti refu la mvua analolivaa hata mwezi wa kumi, ambao kwetu Ugogo hata mawingu huwa yako likizo. Siku moja ng'ombe wa msaidizi wake Zablon hawakuonekana zizini. Siku hiyohiyo kijana wa Kisandawe kutoka Chemba, jina lake Silvano, alikuwa kijijini anauza asali. Akaketi kwenye baraza la duka, akampigia simu baba yake, wakaongea kwa lugha yao, ile ya kugonga ulimi.

Wakuu wetu wa usalama wakakaa kikao hapohapo wamesimama. Wakaamua kwamba kugonga ulimi kule ni ishara za wezi.

Walimfungia kwenye ofisi ya kijiji. Walimvunja mkono wa kulia. Jioni ng'ombe wakaonekana ng'ambo ya bwawa, wazima, wanakunywa maji. Ng'ombe hawakuomba radhi, na Yoramu naye hakuomba.

Anitha akafungua kesi ya fidia kwa niaba ya Silvano. Walioshtakiwa ni Zablon na Yoramu. Mjomba wake huyo ndiye aliyesimama nyuma yake kanisani siku ya kipaimara, ndiye tuliyemtazamia apokee mahari yake. Pale ndipo tulipoishia.

Sasa mpokee Yoramu, maana anaingia mlangoni kwangu na koti lake.

"Dada, shikamoo ya mkosaji," akasema, na hapo ndipo ningepaswa kutoka mbio, kwa sababu Yoramu ni mkubwa kwangu na tangu kuzaliwa hajawahi kuniamkia.

"Kaa, kaka. Koti utalivua?"

"Niko kazini."

"Mvua iko kazini?"

Akakaa, akakunja uso kama mtu aliyefiwa.

"Dada, kesi hii inatuchafua. Unajua watu wanasema nini juu ya mtoto."

"Najua."

"Inaniuma. Mimi ni mjomba wake." Akashika kifua, upande ambao moyo haupo. "Tuyamalize nyumbani. Tuchinje mbuzi, tunawe bakuli moja na wale watu, basi. Kesi ikifa, na maneno yanakufa."

Nieleze hapa kwa wageni. Kwetu, toka kwa babu zetu, waliogombana hukalishwa pamoja, huletewa bakuli moja, hunawa maji yaleyale na kula mbuzi mmoja. Baada ya hapo neno lile halitajwi tena. Anayelitaja ndiye anayeonekana mchokozi, hata kama yeye ndiye aliyepigwa. Ni desturi nzuri. Imeokoa nyumba nyingi. Imewaokoa pia wapumbavu wengi wenye marungu, ila hilo nilikuwa sijalifikiria.

"Basi waite," nikamwambia.

"Mimi wakiniona watakimbia. Lakini wakiitwa na mama wa wakili wao, watakuja. Wewe ndiye mwenye mlango, dada."

Mwenye mlango. Nikavimba kichwa. Darasa la saba mimi, leo nakwenda kumaliza kesi iliyowashinda wenye majoho.

"Na Anitha?" nikauliza.

"Anitha tutamfanyia kama zawadi. Atashangaa tu kesi imeisha."

Hilo alilisema kweli. Alishangaa.

Baba yake Silvano anaitwa mzee Methodi, mwalimu wa dini wa kigango chao, mtu wa maneno machache kiasi kwamba kwenye simu unadhani salio limekwisha. Nilimpigia, nikamwamkia, nikajieleza: mimi ni mama yake Anitha, karibuni nyumbani, tule, tuzungumze kama wazazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Wakili anajua?"

Nilikuwa nimesimama jikoni. Mwiko uko mkononi. Mlenda unachemka. Ningeweza kusema bado. Ningeweza kusema nitamwuliza. Nilimfikiria Emiliana kwenye ndoo yake, nikaifikiria ile picha ukutani.

"Anajua," nikasema.

"Basi tutakuja."

Neno moja. Watu huwa wanaharibu maisha ya watoto wao kwa miaka, kwa fimbo na kwa matusi. Mimi nilitumia neno moja, mlenda ukichemka.

Walikuja Jumamosi. Nilimtegemea mzee peke yake, na Yoramu aliniapia hivyo. Mzee alikuja na Silvano.

Sikuwahi kumwona yule kijana. Nilikuwa nimemsikia tu kwa watu, na kwa watu alikuwa jitu. Akaingia kijana mwembamba, mrefu, amevaa shati la kanisani, mkono wa kulia ameufungia kifuani kwa kitenge. Akainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Yoramu akapanua mikono kama bwana harusi. "Mbukwenyi," akawasalimu kwa Kigogo, kwa sauti ya mwenye nchi.

"Habari za hapa," mzee Methodi akajibu kwa Kiswahili.

Tukakaa. Yoramu akasimama kutoa hotuba. Ndugu zangu, nimesikia hotuba za watu wengi wasio na la kusema, lakini kaka yangu angewafundisha. Alizungumzia amani. Akazungumzia umoja wa taifa. Akaeleza ugumu wa kulinda watu ambao hawajui kwamba wanalindwa.

"Yaliyotokea yametokea," akamaliza. "Sote ni binadamu. Hata sisi tuliumia."

Mzee Methodi akauliza taratibu, "Nyinyi mliumia wapi?"

Zablon, aliyekaa karibu na mlango, akakohoa kicheko. Yoramu akamkata jicho.

"Rohoni, mzee. Tuliumia rohoni."

"Pole," akasema mzee.

Nikaleta bakuli. Yoramu akanawa kwanza. Mzee akanawa. Nikamfikia Silvano.

Akatoa mkono wa kushoto.

Nikasimama na birika langu kama niliyegandishwa. Sijui nilifikiri nini. Nilipika ugali, nilipika mbuzi, nikatandika mkeka mpya, na kichwani mwangu mwote hakuna mahali nilipokumbuka kwamba aliyevunjwa hana mkono wa kunawa. Wala wa kulia chakula. Kijana mzima alikuwa akae mbele ya watu ale kwa kushoto kama asiyelelewa.

"Mimina tu, mama," akaniambia kwa upole. "Nimezoea."

Nikamimina. Baba yake akawa anamkatia ugali, anauchovya kwenye mchuzi, anampa. Yoramu alikuwa anafyonza mfupa.

Na wakati ule nainama na birika, Zablon akainua simu yake akapiga picha. Niliuona mwanga. Nikadhani ni kumbukumbu.

Walipoaga nilimsindikiza mzee mpaka uani.

"Mzee, basi tumemaliza?"

Akanipa mkono.

"Tumekula, mama. Asante kwa chakula."

Mimi nikasikia tumemaliza. Kwetu aliyekula amemaliza. Sikumwuliza kwao ikoje.

Jumatano ikawa siku ya kesi. Nilikwenda, nimevaa vitenge vya sikukuu, nikae nyuma niuone ushindi wangu. Anitha alinikuta kwenye korido na mafaili yake.

"Mama? Umefuata nini huku?"

"Kukuona tu. Kwani mtu hawezi kumwona mwanawe akiwa kazini?"

"Leo si siku nzuri ya kuona. Leo Silvano anatoa ushahidi wake."

"Mungu anaweza kufanya njia fupi," nikasema, nikitabasamu kama Emiliana.

Akanikazia macho, lakini wakaitwa.

Yoramu hakumsubiri Silvano aapishwe. Akasimama na koti lake.

"Mheshimiwa hakimu, hapa hakuna kesi. Sisi na hawa tumeshanawa bakuli moja. Wamekula, wameshiba, wamesamehe. Hata mama mzazi wa wakili wao ndiye aliyetunawisha. Picha hii hapa."

Simu ya Zablon ikapelekwa mbele. Nilimwona hakimu anaikazia macho. Nilimwona Anitha anaitazama. Kuna watu wakipigwa wanapiga kelele. Mwanangu aliweka kalamu chini ikalala sambamba na ukingo wa meza, akabaki anaitazama kalamu.

"Wakili," hakimu akauliza, "jambo hili unalifahamu?"

"Hapana, mheshimiwa. Silifahamu."

Nyuma yangu mzee Methodi akasimama. Hakuitwa. Alisimama tu, na sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Mheshimiwa, samahani. Mama yake alituambia wakili anajua. Tulikwenda kwa sababu hiyo. Tulikula kwa sababu mgeni hakatai chakula cha watu. Hatukusamehe, kwa sababu hatukuombwa."

Chumba kizima kikanigeukia mimi na vitenge vyangu.

Hakimu akaahirisha. Nje, kwenye ngazi, nilimfuata mzee mbio.

"Mzee wangu, nisikilize."

"Wewe sikulaumu, mama. Ulipika vizuri." Aliweka kofia kichwani. "Namlaumu wakili. Walipompiga mwanangu tulitafuta mtu mmoja mji huu ambaye hatacheka tukiongea. Tukampata yeye. Kumbe ni mtoto wa dada wa kamanda, na alikuwa anatutafutia namna ya kutunyamazisha kwa ugali."

"Alikwambia toka mwanzo kwamba ni mjomba wake."

"Alituambia. Tukasema, huyu ni mkweli. Ndiyo maana inauma."

Akaondoka. Juma halikuisha, malalamiko yakafika kwenye kamati inayosikiliza makosa ya mawakili: kwamba Anitha amewauza wateja wake kumwokoa mjomba. Shirika likamwambia akae nyumbani kwanza. Ikithibitika, jina lake linafutwa. Joho linakuwa pazia.

Angalieni maajabu haya. Kijijini wanasema anamuuza mjomba kwa Wasandawe. Chemba wanasema anawauza Wasandawe kwa mjomba. Wote wamemkatia bei mtu mmoja, na aliyempeleka sokoni ni mimi.

Anitha alikuja Hombolo jioni ya siku aliyoambiwa. Hakuniamkia. Alivuta kigoda cha jikoni, akakaa sebuleni.

"Mama, ulimwambia mzee Methodi kwamba najua?"

"Mwanangu, mjomba wako alisema..."

"Sijauliza mjomba alisema nini. Wewe. Ulisema najua?"

"Nilitaka maneno ya watu yaishe."

"Maneno gani?"

Unamwambiaje mwanao kwamba umeharibu kazi yake kwa sababu watu wamemwangalia macho?

"Ya watu tu," nikasema.

Akacheka kidogo, kicheko kikavu ambacho sikumfundisha mimi.

"Mama, mimi kila siku nakutana na watu waliokamatwa kwa sababu ya maneno ya watu. Silvano alivunjwa mkono kwa maneno ya watu. Sasa zamu yangu, na aliyenikamata ni mama yangu, kwa mbuzi."

"Nitakwenda kwenye hiyo kamati. Nitasema nilidanganya."

"Usije."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimeshaiona hii mara nyingi. Ukisimama ukakiri, mjomba na Zablon watakugeukia wewe. Wewe ndiye uliyeita. Wewe ndiye uliyepika. Wewe ndiye uliyedanganya. Wao walikuwa wageni, walikuja kula. Watatoka safi, na wewe utafunguliwa kesi ya kumrubuni mtu asitoe ushahidi. Na mimi nitakuwa nimejiokoa kwa kumtoa mama yangu. Sitaki joho la namna hiyo."

"Na ukinyamaza?"

"Basi nitauza zabibu na wewe."

Alilisema kama mzaha. Lakini nilimwona anavyoishika ile picha ukutani, ananyoosha pembe iliyojikunja, na nikajua ni nini hasa kitakachovuliwa.

Kesho yake Yoramu akaja. Safari hii hakuniamkia.

"Nasikia unataka kwenda mjini kusema sema."

"Nitasema ukweli. Anitha hakujua."

"Na mimi utaniweka wapi?"

"Ulipojiweka. Koti unalo, hutanyeshewa."

Akainama, uso wake karibu na wangu. Alikuwa ananuka ugoro.

"Sikiliza, dada. Ukifungua mdomo pale, na mimi nitafungua. Nitasema kwa nini mtoto yule anawang'ang'ania wale watu. Damu inamvuta. Baba yake siye Sila. Mwangalie rangi, mwangalie macho, halafu ujijibu mwenyewe."

Nilirudi nyuma hatua moja. Si kwa woga.

Yalikuwa maneno yaleyale. Kwa mpangilio uleule. Hata pale Emiliana alipopumua, na yeye alipumua.

"Kumbe ni wewe," nikasema.

"Mimi nini?"

"Ni wewe uliyeyapeleka kwenye mzani. Uliyatuma yanitishe, kisha ukaja kuniuzia dawa yake."

Hakukana. Kaka yangu ana aibu zote isipokuwa ile inayotakiwa.

"Mimi ndiye niliyekuozesha," akasema. "Nikisema Sila hakuwepo mimba ile ilipoingia, nani atabisha? Sila kafa. Bibi kafa. Umebaki wewe, na wewe umeshajulikana kwamba unadanganya. Mzee Methodi mwenyewe ni shahidi."

Niambieni, nyie mnaonisoma: kuna mtego mzuri kuliko huo? Uongo wangu mmoja wa mlenda umekuwa kamba ya kufungia ukweli wangu wote.

Nilikwenda. Siku ya kamati niliamka, nikavaa gauni la kawaida, si vitenge, nikapanda gari ya kwanza. Anitha aliponiona mlangoni alifumba macho.

"Mama, nilikuomba."

"Uliniomba nisije. Sijaja kwako, nimekuja kwao."

Chumba chenyewe kidogo, meza ndefu, mwenyekiti mwanamke mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Upande mmoja mzee Methodi na Silvano, mkono bado umefungwa. Upande wa pili Yoramu, aliyeitwa kueleza ile picha. Alivua koti. Nilikuwa sijamwona bila koti miaka mingi, na nikashangaa jinsi alivyo mdogo.

Mwenyekiti akanitaka nisimame.

"Mama, umekuja mwenyewe au umeitwa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Unajua kwamba utakachosema kinaweza kukurudia?"

"Najua. Mwanangu ni wakili."

Silvano akatabasamu kidogo, akaficha.

"Basi jibu swali moja. Siku ulipowaita watu hawa nyumbani kwako, Anitha alijua au hakujua?"

Nikafungua mdomo.

"Mheshimiwa," Yoramu akadakia, ameshasimama, "kabla hajajibu, kuna jambo la damu ambalo kamati lazima ilijue. Mama huyu si wa kuaminika. Huyu wakili ni Msandawe. Kamzaa nje. Mimi ni kaka yake, ninaapa. Mwangalieni rangi. Mwangalieni macho."

"Keti chini," mwenyekiti akamwambia.

Lakini alikuwa ameshasema. Na watu wakafanya vilevile nilivyofanya mimi asubuhi ile mbele ya picha. Mmoja baada ya mwingine, wenye joho na wasio na joho, wakamgeukia Anitha, wakamwangalia macho. Karani akamwangalia. Silvano akamwangalia. Mzee Methodi alimtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akamtazama tena yeye, na usoni mwake kulikuwa na kitu ambacho siwezi kusema kama ni huruma au ni hesabu.

Anitha hakuwaangalia wao. Aliniangalia mimi. Na katika macho hayo yaliyozungumzwa kijiji kizima nikaona swali ambalo hajawahi kuniuliza tangu nimzae.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Mama," akasema, "sasa una maswali mawili mbele yako. Anza na unalotaka."

Hapo ndipo tunapoishia juma hili; nililojibu utalisoma juma lijalo. Lakini wewe mwenye binti anayesoma sheria, au kijana wa kiume, au hata mtoto anayependa tu kuwasemea wenzake darasani, usingoje mwisho wangu. Haya yaepuke kuanzia leo.

Usimwite mteja wa mwanao nyumbani kwako, hata kwa chai kavu.

Usilete bakuli kabla ya aliyevunja kusema, kwa mdomo wake, nimevunja.

Usimwamini ndugu anayesema tuyamalize nyumbani, wakati nyumba ni yako na kosa ni lake.

Usiruhusu simu ipige picha watu wakinawa.

Usidhani mgeni akishiba amekubali. Muulize kwao ikoje.

Usikae na Emiliana kwenye mzani.

Usiseme "anajua" kwa ajili ya mtu asiyejua.

Na watu wakikuambia umwangalie mwanao macho, usimwangalie.